Mashine Inayopanga Barua Bila Kujua Kusoma

Hapo kale, na kale yenyewe si ya mbali maana babu na bibi zenu walikuwa wangali watoto, palikuwa na binti mmoja katika mji wa Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake, Owen Jones, alifundisha kemia chuoni. Mama yake, Ida Spärck, alitoka Norwei. Binti alizaliwa mwaka 1935, akaitwa Karen, na maisha yake yote akayashika majina ya pande zote mbili: Karen Spärck Jones. Kompyuta hakuisomea, kwa kuwa siku zile karibu hakuna mtu aliyekuwa akiisomea. Alisoma historia katika chuo cha wasichana cha Girton, Cambridge, akaongeza mwaka mmoja wa falsafa, kisha akafundisha shule kwa muda mfupi.

Nimemleta Karen mbele yenu kwa sababu ya kazi moja ambayo kompyuta huifanya mchana na usiku nanyi hamuioni. Inapewa lundo la maandishi, labda barua elfu, labda habari milioni, nayo inayatenga mafungu, yanayofanana yakae pamoja. Hakuna aliyeiambia mafungu hayo ni yapi. Hakuna aliyeipa mfano, kwamba hii ni ya siasa na ile ni ya michezo. Inaanza na lundo na kumaliza na mafungu. Mkifungua simu mkakuta habari za mechi moja, zilizoandikwa na magazeti kumi, zimekusanywa chini ya kichwa kimoja, msidhani kuna karani aliyekesha akizipanga.

Ajabu yake ni kwamba mashine hiyo haijui kusoma. Hilo lishikeni vizuri, kwa sababu bila hilo hamtaelewa kwa nini wakati mwingine inapatia kuliko mwalimu na wakati mwingine inakosea kama mlevi.

Basi tuchukue barua nne zilizomfikia mhariri wa gazeti. Nimezitunga mwenyewe, msizitafute popote.

Ya kwanza: Mvua imenyesha, mahindi yamestawi.

Ya pili: Bei ya mahindi imepanda sokoni.

Ya tatu: Kipa ameokoa penalti uwanjani.

Ya nne: Mvua imenyesha uwanjani, mechi imeahirishwa.

Ninyi mmekwisha kuzitenga kabla sijamaliza kuzisema. Mbili za kilimo, mbili za mpira. Mashine haijui kilimo wala mpira, ila inajua kuhesabu. Inaona kwamba barua ya kwanza na ya pili zinashirikiana neno moja, mahindi. Ya tatu na ya nne nazo zinashirikiana neno moja, uwanjani. Lakini ya kwanza na ya nne zinashirikiana maneno mawili, mvua na imenyesha. Mbili ni zaidi ya moja, basi mashine inamchukua mkulima wetu na kumketisha na mwamuzi wa mechi. Na kwa hesabu ile iliyopewa, haikukosea. Kweli mvua imenyesha kote kuwili.

Kosa hilo la mvua tuliweke kwanza, turudi Cambridge.

Huko palikuwa na mama mmoja mwenye vituko na akili nyingi, Margaret Masterman, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa mwanafalsafa Wittgenstein. Alikuwa ameanzisha kikundi cha utafiti wa lugha, wakikutana katika kijumba kilichowahi kuwa makumbusho ya sanaa za Asia, vijisanamu vya Kibudha vikiwa vimejengewa ukutani. Walitaka mashine itafsiri lugha. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Karen akajiunga nao, na huko huko alikuwamo kijana Roger Needham, ambaye alikuja kuwa mumewe mwaka 1958. Roger alikuwa akitafuta njia ya kuifanya mashine ivipange vitu kwa mashada bila kuambiwa mashada hayo yawe mangapi au yawe ya nini. Karen alikuwa na maneno ya kupanga. Kwa hiyo ndoa ile ilikuwa na hesabu ndani yake.

Kikundi kiliwahi kuitia kwenye kadi za matundu kamusi maarufu ya visawe ya Roget, ile inayopanga maneno ya Kiingereza kwa maana zake. Karen hakuridhika nayo. Aliona mtu mmoja, hata awe msomi namna gani, akikaa mezani kuamua neno lipi likae wapi, atapanga kwa ladha yake. Yeye akataka mafungu yatoke kwenye maneno yenyewe. Akaanza na safu fupi za maneno yanayoweza kubadilishana nafasi katika sentensi. Kwa lugha yetu safu moja ingekuwa kazi, ajira, kibarua. Nyingine ingekuwa kazi, wajibu, jukumu. Mashine haijui ajira ni nini, lakini inaona kwamba safu hizi mbili zinagusana kwenye neno moja, kazi, na kwamba kuna safu nyingine zinazogusana kwa maneno mengi zaidi. Zinazogusana sana huwa shada. Na neno kama kazi linaruhusiwa kukaa kwenye mashada mawili kwa wakati mmoja, jambo ambalo rafu ya vitabu haiwezi, kwa kuwa kitabu kimoja hakikai pahali pawili.

Hiyo ndiyo ilikuwa tasnifu yake ya mwaka 1964. Ilikuja kuchapwa kuwa kitabu mwaka 1986. Miaka 22 ilipita! Mawazo mengine hufika kabla ya mashine za kuyabeba.

Sasa tunarudi kwenye kosa la mvua. Baada ya tasnifu Karen alihamia kwenye swali la maktaba: mtu anauliza jambo, hati ziko maelfu, utampaje zile anazozitaka? Kulikuwa na mkusanyo wa majaribio uliotengenezwa Cranfield, chuo cha mambo ya ndege, chini ya Cyril Cleverdon: hati 1,400 zinazohusu urukaji wa ndege, pamoja na maswali ambayo majibu yake yalikwisha kujulikana. Ukiwa na kitu kama hicho unaweza kuipima mashine kama mwanafunzi anavyopimwa kwa mtihani. Karen alitumia sehemu yake ya hati 200, akaiacha kompyuta iyapange maneno makuu katika mafungu, akapima kama mafungu hayo yanasaidia kuzipata hati sahihi. Matokeo akayatoa kwenye kitabu mwaka 1971.

Alichokiona kilikuwa hiki: mafungu yalisaidia pale yalipokusanya maneno adimu. Maneno yanayojitokeza kila mahali, ukiyaingiza kwenye mafungu, yanavuruga. Mtu mwingine angeridhika kuandika onyo dogo ukurasa wa mwisho. Karen akaligeuza jambo lenyewe. Kama shida ni maneno ya kila mahali, kwa nini tusiyapunguzie nguvu, kila neno kwa kadiri ya wingi wake?

Chumvi imo kwenye pilau, imo kwenye mchuzi wa pweza, imo kwenye maharage. Ukiambiwa chungu kina chumvi hujajua kilichopikwa. Ukiambiwa kina bizari nyembamba, unaanza kunawa mikono ya pilau. Neno adimu ni bizari, neno la kila mahali ni chumvi, na Karen alitaka mashine ijue tofauti yake kwa hesabu tupu, bila kuonja.

Hesabu yenyewe mnaweza kuifanya kwa penseli. Tuseme mhariri wetu ana barua 1,024, na ni msimu wa masika. Mvua imetajwa katika barua 512. Neno imenyesha limo katika barua 256. Mahindi yamo katika 16 tu, na uwanjani limo katika 8. Chukueni 1,024, mkate nusu, mkate nusu tena, mpaka mfike idadi ya barua zenye neno lile. Idadi ya mikato ndiyo uzito wa neno. Kufika 512 ni mkato mmoja, basi mvua ina uzito wa 1. Imenyesha, mikato 2. Mahindi, hesabuni wenyewe: 512, 256, 128, 64, 32, 16, mikato 6. Uwanjani, mikato 7.

Zipimeni upya zile barua nne. Ya kwanza na ya nne zinashirikiana mvua na imenyesha: 1 na 2, jumla 3. Ya kwanza na ya pili zinashirikiana mahindi: 6. Ya tatu na ya nne zinashirikiana uwanjani: 7. Mkulima amerudi kwa mkulima, mpira umerudi kwa mpira. Hakuna aliyeifundisha mashine maana ya mahindi, wala masika. Wingi wa mvua kwenye barua za watu wengine, ambao hata hatuwajui, ndio uliosahihisha.

Watakaoendelea na hesabu wataliona jambo hili likiitwa logarithimu, nao watajifanya ni gumu. Ni kukata nusu tu. Kanuni ya Karen ilikuwa na nyongeza ndogo juu ya hapo, lakini roho yake ni hiyo. Aliitoa kwenye makala mwaka 1972, baada ya kuijaribu kwenye mikusanyo mitatu ya hati, na mpaka leo mitambo ya kutafuta maandishi imeijenga ndani yake kwa sura moja au nyingine. Makala ile ni fupi, na kwa maoni yangu imefanya kazi kubwa kuliko vitabu vingi vizito vilivyoandikwa baada yake.

Bado hatujasema mashine inakatakataje lundo kubwa. Barua nne unaweza kuzilinganisha mbili mbili. Barua milioni moja ukizilinganisha hivyo, jozi zinakaribia bilioni 500, na umeme wenyewe ni wa kulipia. Kwa hiyo kuna njia ya mkato, nayo ina baba wengi. Hugo Steinhaus wa Poland aliiandika mwaka 1956. Stuart Lloyd, aliyekuwa maabara ya Bell huko Marekani, aliifikiria mwaka 1957 kwa ajili ya mawimbi ya simu, wala si maandishi, na ripoti yake ikakaa ndani mpaka ilipochapishwa mwaka 1982. Katikati hapo, mwaka 1967, James MacQueen akaipa jina, njia ya wastani k, herufi k ikisimama mahali pa idadi ya mafungu.

Kwanza kila barua inageuzwa kuwa orodha ya namba, namba moja kwa kila neno la mkusanyo mzima: uzito wa neno kama limo, sifuri kama halimo. Orodha ya namba mbili ni nukta kwenye karatasi. Orodha ya namba tatu ni nukta hewani. Orodha ya namba elfu kumi ni nukta pia, ila mahali ambapo jicho halifiki, na hesabu inafika bila taabu. Kisha wewe unachagua k. Tuseme 5. Mashine inatupa vituo vitano popote pale. Kila barua inakwenda kwenye kituo kilicho karibu nayo. Kila kituo kinahamia katikati ya barua zilizokifuata. Baadhi ya barua sasa zinajikuta karibu na kituo kingine, zinahama. Vituo navyo vinahama. Mchezo unaendelea hivyo hadi hakuna anayesogea.

Kwenye maandishi ukaribu una mtego wake. Barua ndefu ina maneno mengi, kwa hiyo inakwenda mbali kwa sababu ya urefu tu, hata kama inasema lile lile la barua fupi. Ndiyo maana Gerard Salton wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake walipendelea kupima pembe kati ya barua mbili badala ya umbali: kama zinaelekea upande mmoja ni ndugu, hata moja iwe fupi na nyingine ndefu.

Hapa niwaambie ambalo wauzaji wa programu hawalisemi kwa sauti. Hiyo k umeichagua wewe. Ukisema 5 utapata mafungu 5, ukisema 50 utapata 50, na mashine haitalalamika. Ukiipa barua zisizofanana hata kidogo bado itakupa mafungu, na yatapendeza kwenye picha za rangi. Tena kwa kuwa vituo vilianza popote, leo unaweza kupata mafungu haya na kesho mengine kwa barua zile zile. Mafundi wanaojiheshimu huirudia kazi mara nyingi na kutazama mafungu yapi yanadumu.

Lugha yetu nayo inaleta mtihani wake. Kwa mashine, anasoma, nilisoma, hatutasoma na kimesomwa ni wageni wanne wasiojuana. Hakuna hata herufi moja ya mwanzo iliyobaki palepale. Kiingereza kina nafuu: maneno yake hubadilika zaidi mkiani, na mwaka 1980 Martin Porter, huko huko Cambridge, alichapisha programu fupi ya kuikata mikia hiyo, ikaenea duniani kote. Ukiikopa na kuitia kwenye Kiswahili utakuwa unanyoa mkia wa neno ambalo mabadiliko yake mengi yako kichwani na kiunoni. Tusipoangalia, barua za Kiswahili zitapangwa kwa wakati wa kitenzi badala ya habari iliyomo: zote zenye "ali" huku, zote zenye "ata" kule.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kuifundisha mashine sarufi, kiambishi kwa kiambishi, mpaka iweze kuchomoa mzizi wa neno. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliianza kazi hiyo miaka ya 1980, katika mfumo wake alioupa jina Salama. Inanichekesha kidogo, na kunisuta zaidi, kwamba aliyehangaika na vitenzi vyetu muda mrefu hivyo ametoka Ufini kwenye theluji. Dawa ya pili ni ya kivivu lakini si mbaya. Lisahau neno zima, ulikate vipande vya herufi nne nne. Anasoma na hatutasoma vyote vitatoa kipande "soma", na hapo udugu umeonekana bila sarufi. Kimesomwa kitaponyoka, ukitaka kukipata kata tatu tatu, na ukikata tatu tatu utawaokota na wengine usiowataka.

Tuseme sasa yote yamekwenda vizuri. Maneno yamepimwa, mafungu yamedumu. Je, kazi imekwisha? Sikilizeni kisa cha Shakespeare, mtunzi wa tamthilia.

Alifariki mwaka 1616. Miaka saba baadaye, mwaka 1623, rafiki zake wawili waigizaji, John Heminge na Henry Condell, walikusanya tamthilia zake 36 katika kitabu kimoja kikubwa na kuzitenga mafungu matatu: komedi, historia, tanzia. Miaka karibu mia nne baadaye wasomi wawili, Jonathan Hope na Michael Witmore, wakazipa kompyuta tamthilia zile zile. Programu waliyoitumia haikuangalia nani anakufa mwishoni. Ilihesabu aina za vifungu vya maneno tu: vya kujitaja, vya kushuka moyo, vya kubishana na kadhalika. Ikawapangia nyingi kama Heminge na Condell walivyopanga. Lakini Othello, jemadari anayemuua mkewe Desdemona kwa wivu na kisha kujiua, ikamsimamisha karibu na komedi.

Mwanafunzi mvivu atasema mashine imeharibika. Wale wawili walirudi kuisoma tamthilia. Na kweli, imo leso iliyopotea, yumo baba aliyefura kwa kuwa binti ameolewa kwa siri, umo uvumi wa mapenzi na watu wanaodanganywa mchana kweupe, vitu ambavyo kwenye komedi za Shakespeare vimejaa tele. Wahakiki walikuwa wamekwisha kusema kwamba Othello imejengwa kwa mbao za komedi. Mashine ilifika hapo hapo kwa njia ya kuhesabu, bila kumjua Desdemona wala kumlilia. Iliwaonyesha mahali pa kutazama. Kueleza kwa nini, hiyo ilibaki kazi ya wasomaji.

Karen naye hakupata mteremko. Kwa miaka mingi alifanya kazi kwa fedha za miradi ya muda mfupi, mradi ukiisha anatafuta mwingine, na Cambridge ilimpa uprofesa mwaka 1999, akiwa na miaka 64. Hakunyamaza kuhusu wasichana: aliwahimiza waingie kwenye kompyuta, akiamini ni jambo zito mno kuachiwa wanaume peke yao. Alifariki Aprili 2007.

Leo zana hizi ni bure. Mwenye kompyuta ya kawaida na lugha ya programu ya Python anaweza kupakua maktaba iitwayo scikit-learn, ambamo wastani k na uzito wa Karen vimo tayari, na mistari kumi hivi ya maagizo inatosha kupanga insha za darasa zima. Jaribuni. Ila mashine ikishawapa mafungu, msikimbilie kuyabandika majina. Fungueni kila fungu, msome barua tatu zilizo karibu na kituo chake, kisha msome tatu zilizo ukingoni kabisa, zile ambazo nusura ziende kwa jirani. Mkiona za katikati zinazungumza jambo moja na za ukingoni hamjui zimefikaje pale, badilisheni k, mwanze upya.